Tonge Mbele ya Mama Mkwe

Siku ya shoo ya kilimo pale Meru mjini nilikuwa nimeshiba hadi shingoni, na bado nilikuwa nakula. Nilitoka Ishiara alfajiri bila chai, na kila hema lilikuwa na mtu wa kukuonjesha kitu: mtindi kwenye vikombe vidogo, soseji zilizochomwa kijiti, asali unayopakwa kidoleni ukailamba kama mtoto. Wapo wanaojua kukataa cha bure. Mimi simo. Mchumba wangu aliniambia nipunguze, nikamjibu kwamba wenye mahema wataona nawadharau.

Alikuwa na sababu ya kunionya. Jumamosi iliyofuata wazee wa kwetu wangepanda kwao kumposa. Mama yake alikuwa ameniona kwenye picha ya simu tu, na niliambiwa wazi kwamba baba angesema mengi lakini neno la mwisho lingekuwa la mama. Akikuona huna adabu, umekwisha, hata ulete mbuzi wa kijiji kizima.

Tukafika kwenye hema la kikundi cha akina mama. Mmoja wao, mchangamfu sana, akaniwekea kiganjani tonge la mukimo, yaani ndizi na maharagwe ya njahi yaliyopondwa pamoja, bado la moto. Nilikuwa naliinua pale pazia la nyuma lilipofunguka, akatoka mama mwingine amekumbatia sufuria ubavuni, akikoroga kwa mwiko. Mchumba wangu akanifinya mkono hadi nikaumia.

"Ni mum! Wee, usikule!" akaninong'oneza, kisha akakimbia kujificha nyuma ya mashine za kukamua ng'ombe. Kuniacha peke yangu hivyo kunaniudhi mpaka leo.

Kwetu na kwao, mkwe hali mbele ya mama mkwe. Kabla wazee hawajakaa, hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Lakini pia hutupi chakula alichopika mwanamke, tena mbele ya wenzake. Tonge lilikuwa linaniunguza. Kulirudisha kwenye sinia nisingeweza. Kulitia mfukoni, naapa, nilifikiria. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana.

"Kula, kijana!" yule mchangamfu akapaza sauti. "Ama chakula yetu ni mbaya?"

Mama mkwe akainua macho. Alinitambua, na mwiko ukasimama ghafla ndani ya sufuria. Niliogopa, si utani. Nilimwona mchumba wangu akiolewa na mwanamume mwingine, mwenye njaa ndogo kuliko yangu.

Aliweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye aproni, akanipa mgongo na kuanza kupanga sahani ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nikajua nimekataliwa. Halafu nikamsikia akiuliza, bila kugeuka:

"Umemaliza kula?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikalitia tonge lote mdomoni, nikameza karibu bila kutafuna, machozi yakinitoka kwa moto wake.

"Ndiyo, mama."

"Chumvi imetosha?"

"Imetosha kabisa, mama."

Akahamisha sahani moja, akairudisha palepale.

"Basi ambia wazee wenu Jumamosi wakuje mapema," akaliambia turubai la hema, "kabla mvua haijaharibu barabara."