Feni Iliyovuma Kinyume

Kaka yangu hajawahi kupenda gari. Anachopenda ni kutazamwa akiwa ndani yake.

Baba alipofariki alituachia gari la spoti la zamani, la viti viwili, lisilo na paa, alilolinunua Lugari kwa mkulima Mzungu aliyekuwa akifunga virago. Mimi ndiye niliyeshika spana kando ya baba tangu usichana. Kaka alikuwa akishika kioo. Lakini injini ilipochoka, yeye ndiye aliyejipa kazi ya kuifufua, kwa sababu binti yake alikuwa anaolewa na alitaka kumpeleka kanisani kwa mbwembwe.

Akanunua pistoni nne, tatu za namna moja na ya nne ya namna yake, nzito kuliko wenzake. Nilihisi tofauti hiyo nilipozishika tu mkononi.

"Zipimwe uzito," nilimwambia. "Na kranki inayozungushwa nazo ipelekwe Eldoret ikasawazishwe kwenye mashine. La sivyo injini itajitikisa hadi ijivunje."

Akawageukia marafiki zake, ambao huja kwake kila Jumamosi kumsikiliza na kula kuku wake.

"Dada anadhani injini ni mahindi. Eti tuipime!"

Wakacheka. Watu wanaokula kuku wako hucheka upesi.

Kisha akang'oa feni ya chuma ya baba, iliyozungushwa na mkanda wa injini, akisema inafanana na kitu cha kusagia nyasi. Mahali pake akafunga feni ndogo ya umeme yenye mapanga ya buluu. Sikuwa na ugomvi na umeme. Kwenye mwendo wa pole feni ya umeme hufaa zaidi, maana haingojei injini ikimbie ndipo nayo ikimbie. Lakini lazima itoshe rejeta, kile kipoza maji cha injini, na lazima ivute hewa kuelekea injini. Nikaweka karatasi mbele ya rejeta. Badala ya kunaswa pale, ikarushwa uani.

"Umegeuza nyaya," nikasema. "Inasukuma joto mbele."

"Inazunguka au haizunguki?"

"Inazunguka."

"Basi. Huo ni upepo wa nje."

Hakukuwa na upepo. Hata majani ya migomba yalikuwa yametulia.

Siku ya harusi tulitoka Kakamega kuelekea kanisa lililo karibu na Mumias, yeye na bibi harusi mbele, mimi na wengine kwenye gari la nyuma. Kila alipoongeza mwendo, gari la baba lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nilimwona mpwa wangu akishika shela kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine. Baba yake alikuwa akipungia watu.

Karibu na mji tukakwama nyuma ya trekta la miwa. Pale ndipo injini ilipohitaji feni, na feni ikafanya ilichofungiwa kufanya. Mvuke ukapanda. Kaka akaruka nje, akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta.

"Usifungue!" nikapiga kelele.

Akafungua. Maji ya kutu yalimrukia suti nyeupe yote, na pindo la gauni la mwanawe aliyekuwa ameshuka kuangalia. Akaruka huku na huko akipuliza vidole. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Mpwa wangu hakulia. Alitazama pindo lake, akamtazama baba yake aliyeanza kumweleza dereva wa trekta kwamba petroli ya siku hizi ni mbaya, kisha akanijia.

"Senje, nipeleke kanisani," akasema. Senje ndiyo shangazi kwetu.

Tukasimamisha boda boda. Alikaa katikati, mimi nyuma nimekumbatia gauni lote, tukafika huku watu wa pande zote za barabara wakitupigia vigelegele. Kaka alifika wakati wa nyimbo za mwisho, amevaa koti la kuazima.

Jioni ile, mbele ya wageni, bibi harusi alimnyooshea baba yake mkono.

"Baba, mpe Senje hilo gari."

Alitoa funguo kwa sababu watu walikuwa wakitazama, na hapo ndipo tabia yake ilipotusaidia mara moja maishani.

Nilifungua injini yote. Sonara mmoja wa Mumias aliniazima mizani yake. Nikachukua pistoni nyepesi kuliko zote kuwa kipimo, nikakwangua nyingine kwa ndani hadi zikalingana. Kranki ikaenda Eldoret. Nikafunga feni ya umeme kubwa zaidi, yenye swichi inayoiwasha joto likipanda, nikaizungushia bati ili hewa isitoroke pembeni. Kisha nikaliendesha gari hadi Lumakanda, nikalitembeza polepole nyuma ya mikokoteni ya mahindi juani. Mshale wa joto haukusogea, na usukani ulitulia mikononi mwangu.

Niliporudi, kaka alikuwa langoni na marafiki zake. Akaweka kiganja juu ya boneti kama mchungaji anayebariki mtoto.

"Mnaona?" akawaambia. "Si niliwaambia feni ya umeme ndiyo dawa?"

Wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikarudisha gari nyuma, nikaligeuza, nikawaacha naye akiwaeleza.