Nilimpaka Mjane Rangi ya Wafu

Kosa ni langu, ndugu wasomaji, na nimelificha miezi minne. Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa kule Lubumbashi na shule yangu ikaishia darasa la pili. Herufi nazichora vizuri. Kuzisoma, hapana. Hata haya nimeyasema kwenye simu, mtu wa mbali akaniandikia. Hapa Johannesburg nimechora vibao vya maduka mtaa mzima wa Fordsburg kwa kuiga tu, na hakuna aliyegundua.

Kisha akaja binti mmoja anayefanya kazi benki, Sandton. Baba yake, mwalimu wa historia, alikuwa amefariki. Mzee alipenda sana picha za makaburi ya wakuu wa Ulaya wa zamani, akaacha wosia atengenezewe ubao kama wao: ngao, simba, na fuvu chini, maana hata mkubwa ataoza. Binti alinipa picha na karatasi ya maelezo.

"Papa," akaniambia, ndivyo tunavyoitwa wazee wa Kongo, "usome vizuri hapo kwenye rangi."

"Binti, mimi nimeshika brashi kabla hujazaliwa."

Kwenye picha, pande zote za ngao zilikuwa nyeusi. Nikapaka vilevile.

Siku ya mazishi mjane, mama wa kambo wa yule binti, aliutazama ubao. Marehemu alikuwa amemfundisha alama zile. Upande wa mume unakuwa mweusi, wa mke mweupe kama bado yu hai. Pande zote nyeusi, basi wote wamekufa.

"Nani kanizika?" akauliza.

Binti akanigeukia. "Papa, mimi niliandika nini?"

Niseme sijui kusoma, eish, mbele ya kanisa zima?

"Nimepaka ulivyoandika," nikasema.

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, bila shaka imesema upande wa mke uwe mweupe. Nilipofika nyumbani nikaichoma.

Tangu siku ile mama yule hali chakula cha mkono wa binti. Anaamini binti anamtakia kifo. Amekonda mpaka amelazwa, na amekataza binti asiingie wodini. Nasikia anawaambia manesi wasihangaike, yeye alishazikwa.

Akifa, nimemuua mimi.

Wewe uliyesoma kidogo kama mimi, sema "nisomee". Aibu yake ni ya dakika moja.

Leo nina nyumba Bertrams, karakana, bakkie mbili, yaani pikapu, na mafundi watatu. Hospitali alikolazwa mama yule si mbali, ni kuvuka robot tatu tu, hizi taa za barabarani. Sijaenda.