Komamanga Lililoinamisha Taji

Mahfuza wa ghorofa ya pili alisema Bibi Saodat ameficha dhahabu ndani ya ukuta wa kituo cha treni za chini ya ardhi. "Kila asubuhi huyo anateremka, anasimama pale ukutani, treni zinapita, hapandi hata moja. Nani hulinda ukuta mtupu, mwenzangu?"

Oydin, jirani yao, alicheka tu, akamhamishia mtoto wake bega la pili. Lakini Ijumaa, bibi alirudi akaketi kwenye ngazi za jengo, mkate kapakata, haumegi. Oydin akamletea chai.

"Jumatatu wanang'oa vigae vya ule ukuta wa kituo," bibi alisema. "Wanaweka mawe mapya."

"Kwani pale pana nini, bibi?"

"Pana ujana wangu."

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mji wa Tashkent unachimbwa njia za treni, yeye fundi wa vigae. Mchoro ulitoka mbali: makomamanga arobaini, mataji yote, yale meno ya ncha ya tunda, yakitazama juu. Saodat alikulia Quva, chini ya mikomamanga ya baba yake, na la kwanza alilibandika taji chini, kama linavyoning'inia mtini. Hakufikiri mara mbili. Msimamizi alipokuja, saruji ilikwisha kushika.

"We Saodat, komamanga lako limelewa?"

"Limelewa lako, bwana. Mti huujui."

Likaachwa. Yale thelathini na tisa aliyafuatisha mchoro.

"Picha yake unayo?" Oydin aliuliza.

Bibi akamtazama kama mtu aliyeuliza upuuzi. Miaka yote ile, ukitoa kamera kule chini, askari anapuliza filimbi.

"Siku hizi ruhusa, bibi. Watu wanapiga mpaka taa za darini."

"Leo ruhusa. Kesho wanauliza nani alikuwepo."

Jumamosi asubuhi walishuka pamoja, mtoto mgongoni. Komamanga lilikuwa chini, usawa wa goti, limefifia rangi, taji limeelekea sakafuni. Bibi aliligusa kwa kidole kimoja, akamtupia jicho askari aliyesimama penye ngazi, akaurudisha mkono mfukoni. Treni ikaja, ikaondoka.

"Mwanangu," alinong'ona, "mtoto si ameanza kusimama dede? Mwegemeze pale, karibu na lile langu. Mpige picha yeye. Mimi nitakuwa mpita njia tu, nyuma yake. Ila usinikate kichwa."