Mbogo wa Njia ya Kibumba

Sijawahi kuwa mtu wa msitu. Nilikulia Murara, mjini Goma, nikajifunza baiskeli kwenye mawe meusi ya mtaa wetu. Siku nilipopanda Kibumba kujionyesha kwa wazazi wa msichana niliyetaka kumuoa, nilidhani baiskeli mpya na suti ya abakosi iliyopigwa pasi vitatosha. Baba yake alinitazama kutoka kola mpaka viatu, akasema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu aliyemuona ameketi tu. Kaka yake angenishusha Goma kwa njia ya msituni, na Jumapili iliyofuata angewaambia wazee mimi ni mtu wa namna gani.

Basi nilikuwa napimwa, na nililijua hilo kabla sijakanyaga pedali.

Shemeji yangu huyo alikuwa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa kwetu hubebea viazi. Alifunga gunia zito, akaweka goti juu ya ubao, akanigeukia.

"Unifuate nyuma. Usitoke mu njia. Humu iko mbogo."

Alilisema kama mtu anayesema mbele kuna matope.

Njia ilikuwa nyembamba, imejaa mizizi na mawe ya volkano, tena mteremko mtupu. Yeye alipunguza mwendo kwa kukanyaga gurudumu la nyuma, bila haraka. Mimi mwenye breki mbili za chuma nilizibana mpaka vidole vikafa ganzi. Kila jani lililotikisika niliona lina pembe. Nilitamani kumwomba turudi barabarani, lakini ningemwambiaje mtu aliyetumwa kunipima?

Mbogo alitoka upande wa kushoto, akasimama katikati ya njia. Hakufanya lolote. Alisimama tu akitupulizia pua. Shemeji alijaribu kugeuza chukudu, ikapinduka, akaanguka kifudifudi na gunia likamlalia miguu. Nilimwona akijaribu kujivuta, akashindwa, akatulia kimya.

Nikaitupa baiskeli nikakimbia.

Wanaosema hofu humzuia mtu kufikiri hawajaogopa vya kutosha. Mimi nilifikiri vizuri sana: kwamba mbogo ataanza na yule aliyelala, na kwamba hapo nitakuwa nimeshafika mbali. Niliwaza hivyo kabisa, kwa maneno kamili. Nilikumbatia mti usiozidi unene wa paja langu, nikafumba macho, mkojo ukanitoka.

Sijui nilikaa pale muda gani. Hakukuwa na kelele wala mlio, na ule ukimya ukaniogopesha zaidi. Kisha nikakumbuka baiskeli. Kama amekufa, niliwaza, watu watakuja, na wataikuta baiskeli yangu pembeni yake, na mimi sipo. Nikarudi kwa hilo. Nilikwenda hatua moja moja. Mbogo alikuwa ameondoka. Baiskeli ilikuwa palepale, na nikaishika usukani.

"Shemeji," akasema kutoka chini, uso bado kwenye majani. "Umerudia?"

Nikaitika. Nikaliondoa gunia. Mguu ulikuwa umechubuka, haukuvunjika. Alinishika bega akashukuru mara nyingi, nami nikamfunga kidonda kwa kitambaa changu, nikisali asitazame suruali yangu. Tukashuka mpaka mjini.

Wiki ile sikula vizuri. Mbogo sikumwota hata mara moja. Nilichoogopa ni macho ya yule kaka: kama alikuwa ameinua kichwa kidogo, aliona mkono wangu ulishika nini kwanza.

Jumapili wazee walikaa kwenye viti, mimi kwenye benchi peke yangu. Msichana wangu alikuwa mlangoni. Kaka yake alisimama akichechemea.

"Mbogo ilitutokea," akasema. "Huyu mutu alikimbia, siwafiche. Mutu wote angekimbia. Lakini alirudia kunitafuta."

Akanitazama, nami nikamtazama, na mpaka leo, baada ya watoto sita, sijui alikuwa anajua nini. Ningeweza kusema neno. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikamwona yule mlangoni anafuta machozi, nikaufunga.

Baba yake akaninyooshea mkono. Wangu ulitetemeka kuliko kule msituni, na wazee wakacheka kwa upole, wakasema kijana ana furaha.