Konvokasyo ya Assia

Miaka ishirini na miwili Houda alifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya mtaa wa Buyenzi, na kwa miaka yote hiyo watoto walimwita jina moja tu: Madamu Houda. Walimng'ang'ania kitenge, walimpaka makamasi begani, na ukiniuliza mimi, alipenda hata hayo makamasi. Halafu ikaja barua ya kumfanya direktrisi, yaani mkuu wa shule. Mtaa mzima ukampongeza, mumewe Karimu akawanunulia majirani soda. Nani angekataa?

Basi akahamia ofisini. Jamani, ofisi ile! Meza, muhuri, kabati lisilofunguka, na ukuta mmoja tu kati yake na darasa lake la zamani. Kila asubuhi alimsikia mwalimu mpya, Aloys, akisomesha ba, be, bi, bo, bu, na watoto themanini wakiitikia, naye huku midomo inamcheza yenyewe juu ya ripoti za inspekta. Alikumbuka vumbi la chaki kwenye nyusi. Alikumbuka mtoto anaposoma neno lake la kwanza, anavyogeuka kuhakikisha wenzake wamesikia. Alilia, tena si mara moja.

Kilichomuuma zaidi, watoto walianza kumkimbia. Akitokea uwanjani, kelele zinakatika. Akajisemea, haiwezekani, hawa ni wangu, cheo hakiwezi kuninyang'anya. Akamkumbuka Assia, mwanafunzi wake wa mwaka jana, aliyehangaika naye miezi mitano hadi mtoto akaacha kuchanganya r na l. Akatamani amsikie akisoma, amsikie tu, roho itulie.

Sasa ona kosa la mtu aliyezoea ubao! Mezani hapakuwa na karatasi nyingine ila zile za konvokasyo, za kumwita mzazi wa mtoto aliyefanya utundu. Akajaza moja: Assia, darasa la pili, kesho saa mbili, ofisini. Akaigonga muhuri, maana muhuri ulikuwa pale pale.

Kesho yake mama Assia akaingia mbio, meza yake ya kuuzia ndagala, wale dagaa, ameitelekeza sokoni, macho mekundu, anamburuta mtoto.

"Madamu Direktrisi, tunaomba musamaha. Jana nimemupiga, amekataa kusema kosa lake. Musimufukuze mutoto wangu."

"Apana, mama, apana! Hakuna kosa." Aibu ilimpanda Houda hadi masikioni. "Mi nilitaka anisomee tu."

"Kusoma? Na muhuri?"

Houda akamfungulia Assia kitabu. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama, haraka haraka, jicho moja mlangoni.

Houda akachuchumaa mbele yake, moyo umemjaa. "Nani alikufundisha kusoma vizuri hivi?"

"Madamu Houda."

"Na mi ni nani?"

Assia akamtazama mama yake kwanza. Kisha akajibu polepole, asije akakosea akapigwa tena.

"Direktrisi."