Redio ya Usinifuate

Nyie mliojibanza huko kivulini, geuzeni viti mnitazame. Na wewe unayebangua korosho, bangua taratibu, tusije tukashindana kelele. Leo nawaambia nilivyochagua redio ya mbwa. Ndiyo, ya mbwa. Cheka umalize, mi nasubiri.

Mbwa wangu jike, mweusi, sikio moja limechanika. Jina lake Usinifuate. Sisi huku Newala jina la mbwa ni barua. Ukikorofishana na mtu huendi kumtukana mlangoni kwake. Unampa mbwa jina, halafu jioni unamwita kwa sauti, mwenyewe anasikia huko alipo. Mimi nilikuwa na jirani, kila nikiingia porini kuwinda naye yuko nyuma kunichungulia njia zangu. Nikampa mbwa jina hilo. Jirani akaelewa, akachukua wa kwake akamwita Pori Si Lako. Tumeishi hivyo miaka miwili, magomvi yote wanabeba mbwa, sisi wenyewe salamu tunapeana vizuri kabisa.

Sasa pua ya huyu jike siyo ya dunia hii. Nguruwe pori akiwaza tu mihogo, yuko ng'ambo ya Ruvuma, hajainuka hata, huyu ameshanyanyua kichwa. Ubaya wake mmoja, akishika harufu harudi. Mama yake ndivyo alivyopotea. Alishuka bondeni, nikawa nasikia njuga yake ya shingoni inalia, inalia, halafu kimya. Nilimtafuta siku nne. Siku ya tano mke wangu alikwenda kumtafuta peke yake wala hakuniambia. Msimu ule shamba la mke wangu la bondeni lilikosa mlinzi, nguruwe wakaifukua mihogo mpaka ungesema limepita trekta. Tulikula ugali wa kuomba. Basi alipoona Usinifuate naye ameanza kulala nje, mwanamke akaniambia hivi: huyu naye akipotea, yeye shamba la bondeni halimi tena. Na shamba hilo ndilo chungu chetu.

Nikamsimulia mtani wangu, Myao wa kule Masasi. Yeye nguruwe hali na mbwa hamgusi, lakini karanga zake zinaliwa na nguruwe kama mihogo yangu, kwa hiyo kwenye jambo hili tulikuwa chama kimoja. Akasema pale Masasi mjini kuna kijana anauza mitambo ya kumfuatilia mbwa. Tukaenda.

Kijana kaniamkia vizuri, shikamoo mzee, akaweka mezani mikanda miwili ya shingoni. Mmoja una laini ndani kama simu. Mbwa akitembea, unamwona kwenye simu yako kama kitone kwenye ramani. Mwingine ni wa redio. Unashika antena yenye miba kama mfupa wa samaki, unaizungusha, ukielekea aliko mbwa inalia ti, ti, ti. Ukimkaribia, mlio unakua.

Mtani akasema nichukue wa laini, mbwa akichelewa nimpigie. Nikamuuliza kama mbwa atapokea. Akasema atapokea, ila kwa wasichana wa Kimakonde anakata. Kuhusu wa redio akataka kujua kama mbwa atapata na taarifa ya habari au ni miziki tu. Kijana wa watu anacheka na huku anaogopa, hajajua kama huu ni utani au tunagombana.

Nilishindwa kuchagua. Ramani mimi siisomi, shule niliiona kwa nje tu, lilikuwa jengo zuri. Lakini kile kitone kilinivutia. Kijana akaona atapoteza wateja, akasema Jumamosi atapanda Newala na mikanda yote miwili, tumvishe mbwa tujaribu.

Kweli Jumamosi kaja, viatu vyeupe kama maziwa. Tukamvisha Usinifuate mikanda yote miwili, akawa kama bibi harusi. Mke wangu akamsogelea mbwa. Alimshika tu lile sikio lililochanika, kisha akatutazama sisi watatu mmoja mmoja kama anayehesabu wezi. Tukaondoka asubuhi, na hatujafika hata ukingoni mwa uwanda, mbwa ameshika harufu, huyo, kashuka genge.

Tukafungua simu ya kijana. Kitone kinatembea, kinatembea, kikasimama. Nikafurahi, nikasema ameshamkamata nguruwe. Mara ukaingia ujumbe, kijana akausoma mara mbili. Kireno. Simu imeshika mtandao wa Msumbiji, inatukaribisha. Mtani akasema mbwa wangu amehama nchi, nikamkatie pasi. Kile kitone hakikusogea tena nusu saa nzima, na moyo wangu ukasimama pamoja nacho.

Kijana akatoa ile antena. Ti, ti. Upande wa kushoto. Akageuka, ti, ti, upande wa kulia pia. Kumbe mlio unagonga genge unarudi. Lakini hapo nikatulia, maana jambo hilo nalijua, hata njuga bondeni inakudanganya hivyohivyo. Nikamwambia tushuke kwanza, tutoke kwenye ukuta. Tulipofika chini mlio ukabaki upande mmoja. Sikio langu halikwenda shule, lakini pale lilikuwa profesa.

Kosa nililolifanya ni hili. Nilidhani nimesikia mbwa kabweka mbele, nikakimbia. Mtani akanifuata, kijana na mitambo yake nyuma. Nikawa namwita mbwa kwa nguvu zangu zote, Usinifuateee! Sauti yangu mnaijua, Ndanda hospitali wagonjwa waligeuka vitandani. Nimeita, nimeita, kimya. Nageuka nimwambie kijana asikilize ile redio, kijana hayupo. Antena haipo, simu haipo, tupo mimi na mtani na miiba.

Tulirudi nyuma saa nzima. Tukamkuta amekaa juu ya jiwe, amenuna, anafuta viatu kwa majani.

"Mzee," akasema, "umenikataza nisikufuate mara saba. Mimi nina adabu zangu."

Hakuna aliyemwambia jina la mbwa. Mtani alikaa chini akacheka mpaka kofia ikamdondoka, mimi sikucheka, jua lilikuwa linapanda na mbwa hajulikani aliko. Nilimwomba kijana radhi, nikamshika mkono kama mkwe, tukaanza upya. Safari hii antena niliishika mimi.

Ti. Ti, ti. Mlio ukakua mpaka ukawa kama jipu linalotaka kupasuka, na mbele hakuna mbwa, majani matupu. Hatua moja tena, nikaona giza chini ya mguu wangu. Shimo la kutegea nguruwe, la mkulima fulani, limefunikwa matawi. Kona moja yuko yeye, Usinifuate. Kona nyingine yuko nguruwe mkubwa kama ng'ombe. Haya, kama mbuzi aliyeshiba. Wamepeana migongo kama wakwe. Nguruwe tulimaliza naye kwa mkuki wangu, mtani akitazama pembeni, na mbwa nikamtoa kwa kumfunga shuka. Alikuwa anatetemeka. Nami pia, ila mimi nilisema ni baridi.

Nyumbani mke wangu alimpapasa mbwa miguu yote minne kabla hajaniuliza kama mimi mzima. Nikamwambia nimechagua, tunachukua wa redio, ule wa laini kijana arudi nao Masasi. Kijana akamweleza kwa upole kwamba wa laini si mbovu, mama, ila unataka mahali penye mtandao, mijini huko.

Mke wangu akamuuliza, "Hata Tandahimba unashika?"

"Tandahimba unashika vizuri sana, mama."

Hapo nikaanza kutafuta kofia yangu. Msimu wa korosho nilikwenda Tandahimba kwa siku moja, nikarudi siku ya nne, nikasema basi liliharibika.

"Basi huo usirudi nao," mke wangu akasema, akanielekezea kidevu. "Mvishe huyu."