Majani ya Maboga Chini ya Mibuni

Kila asubuhi, wenzake tukiwa bado tunapuliza moto, ungemwona jirani yangu Walburga ameinama chini ya mibuni ya mumewe, Othmar, akichuma majani ya maboga. Huku milimani Mbinga wengi tunayapanda hapohapo kwenye kahawa, maana kivuli huyalainisha. Ndivyo walivyofanya mama zetu.

Alikuwa anamchumia mkamwana wake, Lidia. Mimba zilizotangulia zote zilitoka. Hii ilipotunga, kliniki walimwambia damu yake ni kidogo, ale mboga za majani kwa wingi. Walburga aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyepewa zamu ya kupamba altare.

"Kula, mwanangu. Hiyo ni damu."

"Mama, nitageuka kijani!"

"Geuka tu, mradi mjukuu wangu atoke mweusi."

Kisha wakaja watafiti. Walichukua majani na udongo kwenye mashamba kadhaa, la Walburga likiwemo, wakaenda kupima. Waliporudi walituita ofisi ya kijiji. Dada mmoja mpole akaeleza kwamba dawa tunayopulizia kahawa, ya ugonjwa wa chulebuni na ya wadudu, inadondokea mboga za chini, na kwenye majani yale imezidi kiasi kinachoruhusiwa kuliwa. Kuosha kunapunguza, hakumalizi.

Walburga akanyoosha mkono. "Na maharage ya kwenye ngoro? Kule hatupulizii."

Ngoro ni yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isituondolee udongo. Yule dada akamgeukia.

"Mama, ngoro zenu ziko chini ya kahawa. Zinashika maji yote yanayoshuka."

"Ndiyo kazi yake."

"Ndiyo, mama. Na humo pia tumeikuta."

"Mjamzito akila?"

"Hatari ipo. Ni kubwa kiasi gani kwake, siwezi kukudanganya. Hatujui."

Nyumbani Walburga alimsihi Othmar apumzishe bomba la kupulizia. Mzee wa watu alimtazama kwa huruma. "Nikiacha, kahawa yote itapukutika. Lidia akishikwa na uchungu tutampeleka hospitali kwa kitu gani?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasema kweli.

Walburga akateremka sokoni Mbinga mjini. Muuzaji, Notburga, alikuwa amepanga mafungu mazuri ya mboga, hakuna jani lenye tundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Hizi zimepuliziwa dawa?"

Notburga akacheka hadi wenzake wakageuka. "Mama, unanunua mboga au unachumbia? Mbona unaulizia ukoo?"

"Niambie tu zimetoka wapi."

"Kwenye kahawa hukohuko kwenu."

Walburga alirudi na kikapu kitupu. Tangu hapo Lidia akala ugali kwa chumvi, na siku usipa, dagaa wa ziwani, ulipopanda kutoka Lituhi, akala usipa. Siku nyingi haukupanda. Kliniki walipompima tena, damu ilikuwa imeshuka kuliko mwanzo.

"Mboga huli?" nesi akamfokea. "Unataka na huyu atoke?"

Lidia akamtazama mkwewe. Walburga akainamisha kichwa.

Kesho yake nilimkuta uani kwake na beseni, majani ya maboga yamejaa. Kwenye mishipa ya majani kulikuwa bado na madoa meupe ya dawa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," alijibu bila kuinua macho. Aliosha, akamwaga, akateka maji mengine, akafanya ishara ya msalaba juu yake, akaosha tena. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Jirani, wewe ungempa nini?"

Nikachuchumaa nikamshikia beseni.

"Mama," Lidia aliita kutoka ndani, sauti dhaifu, "leo kuna mboga?"

Walburga akayakamua majani kifuani pake, maji yakamlowesha kanga.

"Ipo, mwanangu. Nakuletea."